Dawa za mitishamba: chupa ya elfu kumi ni shilingi ngapi kwa siku?

Muuzaji yuko mnadani, kipaza sauti kimefungwa juu ya gari, chupa ameiinua mkononi: "Elfu kumi tu mama, elfu kumi tu!" Unanunua. Ukifika nyumbani unasoma lebo: vijiko viwili vya chakula, mara tatu kwa siku, kwa siku 30. Chupa ni ya mililita 250. Kijiko cha chakula hubeba mililita 15, kwa hiyo kila siku utakunywa mililita 90, na siku ya tatu jioni chupa imekauka. Ukitaka kufikisha siku 30 utahitaji chupa 11. Dawa ya elfu kumi imekuwa ya shilingi 110,000, na muuzaji hakusema uongo hata neno moja.

Bei tunazotumia katika makala hii ni za mfano. Weka za kwenu, hesabu ni ileile.

Neno linalotuchanganya wengi ni "dozi". Nesi akikwambia umalize dozi, anamaanisha dawa zote ulizopewa mpaka ya mwisho. Lakini mbele ya meza ya dawa za mitishamba, "dozi ni elfu thelathini" inaweza kuwa kopo moja, makopo matatu, au mwezi mzima. Usibishane naye kuhusu neno. Muulize tu: "Nikinywa kama ilivyoandikwa hapa, hili kopo litanifikisha siku ngapi?" Kisha chukua bei, gawanya kwa siku hizo. Kikokotoo kipo hata kwenye simu ya kitochi.

Tuchukue mlonge, kwa kuwa karibu kila mtu anaufahamu. Kopo la kapsuli 60 linauzwa shilingi 15,000, na lebo inasema kapsuli mbili asubuhi na mbili jioni. Hizo ni nne kwa siku, kopo linaisha baada ya siku 15, nawe unalipa shilingi 1,000 kila siku. Pembeni yake kuna pakiti ya unga wa majani ya mlonge, gramu 100 kwa shilingi 5,000. Ipi nafuu? Hapo huwezi kulinganisha kapsuli na kijiko, lazima urudi kwenye uzito. Soma kapsuli moja ina miligramu ngapi. Kama ni 500, basi kapsuli nne ni miligramu 2,000, yaani gramu 2. Gramu 2 za unga kutoka kwenye pakiti ni shilingi 100. Jani ni lilelile, kiasi ni kilekile, na kapsuli imekugharimu mara kumi zaidi. Kinachoongezwa ni ganda la kapsuli, kopo na urahisi wa kumeza. Kuna anayeona urahisi huo unastahili pesa, hasa asiyevumilia ladha ya unga. Ni haki yake, ili mradi ajue anacholipia.

Na kama mti uko nyuma ya nyumba, majani yaliyooshwa na kukaushwa kivulini, kisha kutwangwa na kuchekechwa, hayana bei zaidi ya jasho lako. Usishangae tu yakipungua: sehemu kubwa ya uzito wa jani bichi ni maji.

Manjano yanahitaji uangalifu zaidi. Kuna kapsuli zenye unga wa manjano wa kawaida, ule wa pilau, na kuna zenye kiini kilichokamuliwa, kinachoitwa kukumini. Unga wa kawaida una takriban asilimia 3 tu ya kukumini. Lebo ikisema miligramu 500 za kiini chenye asilimia 95, kapsuli hiyo moja ina miligramu 475 za kukumini. Ili upate kiasi hicho kwenye unga wa sokoni ungehitaji kama gramu 16 kwa siku, na sijui nani atazimeza. Kwa hiyo makopo mawili yaliyoandikwa "manjano miligramu 500" yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Lisilotaja kiini wala asilimia, lihesabu kuwa ni unga wa kawaida, na usikubali kulilipia bei ya kiini.

Halafu kuna mchanganyiko wa "mimea 12 katika kapsuli moja". Kapsuli ni ileile ya miligramu 500. Zigawe kwa 12, kila mmea unapata kama miligramu 42. Lebo isiposema kila mmea umewekwa kiasi gani, huenda ule uliokuvutia ni chembe tu. Hapo hakuna hesabu ya bei kwa kipimo inayowezekana, na hiyo ni sababu tosha ya kurudisha kopo mezani.

Hesabu hii inakuambia unachotoa mfukoni. Haikuambii kama dawa inafanya kazi. Kwa Tanzania, tiba asili inasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama muuzaji na dawa yake wamesajiliwa. Angalia na tarehe ya kuisha muda.

Kama unatumia dawa za kisukari, presha, kuzuia damu kuganda, TB au ARV, au una mimba, mwambie mhudumu wa afya kabla ya kuanza. Mlonge unaweza kushusha sukari juu ya ile iliyoshushwa tayari na vidonge vyako. Kapsuli za kitunguu saumu zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Pesa ya vidonge vya kliniki iwekwe pembeni kwanza. Inayobaki ndiyo unayoweza kwenda nayo mnadani.