Kisu Ndogo ya Kukunja: Pima Hivi Kabla Uibebe Mfukoni Nairobi

Kama TikTok imeanza kukuletea wasee wakipanga vitu vya mfukoni juu ya meza, yaani waleti, tochi, kalamu, saa, alafu kisu ya kukunja nyeusi imelala hapo kando kama bosi, najua ishaanza kukuwasha. Unajiambia hata wewe unahitaji moja. Na pengine ni ukweli. Mzigo wa onlaini lazima ufunguliwe, selotepu ikatwe, avo ipasuliwe ofisini, na ule uzi unaning'inia kwa shati utolewe kabla ya intavyuu. Meno na funguo zimefanya hiyo kazi miaka mob, na vile meno zinakaa tunajua.

Tatizo ni kwamba video nyingi za hivi visu zinatengenezwa Marekani, na vile msee wa Texas anapima kisu si vile msee wa Umoja ama Githurai anafaa kupima. Yeye anaanza na aina ya chuma. Wewe anza na hili swali: soja wa mall akiitoa kwa bag yako, ama karao akiipata usiku ukitoka stage, itakaa kitu gani mkononi mwake?

Sura kwanza, chuma baadaye

Sheria ya Adhabu ya Kenya, ile Penal Code, iko na vifungu viwili unafaa kuvijua kabla utoe doh. Kifungu cha 88 kinasema kutembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa njia ya kutia watu hofu, ni kosa. Kifungu cha 308 ndicho moto wenyewe. Ukipatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha ulikuwa na nia ya kutenda uhalifu mkubwa, unaangalia jela miaka 7 hadi 15. Miaka saba ndiyo ya chini hapo.

Sasa soma tena. Hakuna mahali hivyo vifungu vinataja urefu wa kisu. Havisemi sentimita ngapi ni sawa na ngapi ni noma. Vinaongea kuhusu mazingira na nia: uko wapi, ni saa ngapi, uko na nani, unajieleza aje, na hicho kitu kinafanana na nini. Ndiyo maana visu viwili vya urefu mmoja vinaweza kukupea usiku tofauti kabisa. Moja ni nyekundu, imefungwa kwa funguo za keja, iko na makasi na kibano. Ingine ni nyeusi, imechorwa fuvu la kichwa, na inafyatuka ukigusa kidude. Ya kwanza hata babako anaweza kuwa nayo kwa gari. Ya pili, kuieleza ni kazi.

Hapa ndipo hizo video zinakupoteza. Vitu zinapewa alama za juu, kama kufunguka kwa mkono mmoja, klipu ya kuonekana nje ya mfuko, bledi iliyopakwa nyeusi na loki inayolia "tak", huku kwetu kila moja ni swali la ziada kutoka kwa karao. Mimi naonelea kisu ya town inafaa ifunguke pole pole, kwa mikono miwili, na iwe inakaa boring kabisa.

Na hata ile ya boring iko na siku zake za kubaki kwa nyumba. Katiba, kifungu cha 37, inakupa haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha. Hayo maneno "bila silaha" yameandikwa hapo kabisa, so siku ya maandamano toa hiyo kitu kwa funguo. Stadium, klabu na kotini, vivyo hivyo. Ukipanda ndege weka kwa mzigo unaoenda chini, si ile bag ya kubeba ndani. SGR nayo, mizigo inapita kwa mashine na kunuswa na mbwa kabla uingie, kwa hivyo usijaribu bahati yako Syokimau na treni inaondoka.

Jambo lingine, na hili tusidanganyane. Kama unanunua juu uliibiwa simu na unataka "kujilinda", wacha. Visu vidogo vingi vya kukunja havina loki kabisa. Ukidunga na ncha, bledi inarudi kukunjika na vidole vyako viko njiani. Alafu fikiria mtaani mtu akipiga nduru ya "mwizi!" na wewe ndiye umeshika kisu. Umati hauulizi nani alianza.

Mbili za kulinganisha

Ya kupimia zingine zote ni Victorinox Classic SD. Hii kampuni ilianza Uswisi mwaka wa 1884, na jina lake limeunganisha Victoria, mama ya Karl Elsener aliyeianzisha, na "inox", neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu haraka. Classic ikikunjwa ni milimita 58, fupi kuliko kidole chako cha kati, na uzito ni kama gramu 22. Bledi haifiki sentimita 4. Ndani kuna makasi, tupa ya kucha yenye ncha ya kufungulia skrubu (hiyo ndiyo maana ya SD), kibano na kijiti cha meno. Haina loki.

Ukiiona mara ya kwanza utacheka. Lakini hesabu vile ulikata wiki iliyopita. Selotepu, pakiti ya maziwa, lebo ya nguo, zile kamba za plastiki za kufunga waya. Zote inamaliza. Na makasi utatumia kuliko bledi, nakuhakikishia, juu makasi hayaogopeshi mtu kwa mathree. Penye inashindwa ni msosi. Kukata nanasi na hii kitu ni kama kupaka ukuta na brashi ya meno, na juisi inaingia ndani penye huwezi fikia bila kuosha na maji moto.

Kama wewe ni wa matunda na mkate, ama unaenda hike Ngong Hills, Opinel No. 6 inakufaa zaidi. Ni ya Ufaransa, Joseph Opinel aliianza Savoie mwaka wa 1890, na ni kitu simple sana: mpini wa mbao, bledi moja nyembamba ya kama sentimita 7, na ringi ya chuma. Hiyo ringi ililetwa 1955. Unaizungusha na bledi haiwezi kukufunikia vidole. Kwa kukata chakula inapiga visu nyingi za bei mara tano, sababu bledi ni nyembamba. Lakini sentimita 7 na loki si kitu ya kutembea nayo Moi Avenue usiku. Hiyo ni ya bag ya picnic, ikiwa imekaa pamoja na matunda yenyewe.

Opinel huja na chuma aina mbili. Ile ya kaboni inanoleka haraka na inashika makali vizuri, lakini ukikata ndimu na uiache bila kupanguza, kesho ina madoa. Kama unaishi Mombasa, Lamu ama Kisumu karibu na maji, chukua ile imeandikwa INOX na usisumbuke. Mbao nayo ikilowa inafura, mpaka bledi inakataa kutoka. Iache ikauke tu, itaachilia.

Ukiishika dukani

Zile za kuuzwa kando ya barabara na kwa apps, zenye "STAINLESS" imeandikwa kubwa, hilo neno pekee halikuambii kitu. Sufuria pia ni stainless. Pima na mikono. Fungua bledi, ishike kwa vidole viwili, itikise kushoto na kulia. Ikicheza dukani, baada ya miezi mitatu itakuwa inacheza rhumba. Ikunje polepole na uangalie kama inalala katikati ama inakwaruza upande. Inua kwa mwanga uone kama kuna nafasi kati ya vipande.

Kama iko na loki, usiijaribu na kidole. Ifungue, igeuze, gonga mgongo wa bledi kidogo kwa kiatu chako. Ikikunjika kwa kugongwa tu, rudisha, hata kama ni fifty bob. Loki mbaya ni hatari kuliko kukosa loki, sababu kwa isiyo na loki angalau unajichunga.

Makali nayo jaribu kwa risiti ya supa. Kisu safi inateleza, kisu butu inararua. Lakini makali ya dukani usiyape uzito sana, yanatengenezeka. Kwa Victorinox angalia jina limepigwa kwenye shina la bledi, karibu na pale inajikunjia. Kama jina liko kwa plastiki pekee, alafu makasi hayana springi ya kuyarudisha, hiyo ni copy.

Kunoa, usipeleke kisu ndogo kwa yule jamaa wa baiskeli anayepita mtaani. Kwa panga na kisu ya mboga yuko sawa, lakini lile jiwe la kuzunguka linakula chuma haraka, na likipasha moto bledi nyembamba, chuma kinalegea na makali hayakai tena. Geuza kikombe cha udongo uchini juu. Kale kamviringo ambako hakajapakwa rangi ni jiwe la bure. Lala bledi kidogo, kama digrii 20 hivi, pitisha mara kumi upande huu, mara kumi ule, bila kukandamiza. Panguza, tia tone la mafuta pale inajikunjia, la cherehani si la kupika. Ya kupika hukauka na kunata, alafu kisu inaanza kufunguka kama mlango wa nganya mzee.