Zana na spea za pikipiki ya safari za mbali

Zana na spea za pikipiki ya safari za mbali ni vyombo vya ufundi na vipuri anavyobeba mwendeshaji ili aweze kujitengenezea chombo chake pasipo na gereji. Pikipiki za aina hii huwa na tangi kubwa, shokapu ndefu na injini ya cc 400 hadi zaidi ya 1,200, nazo hupita lami, changarawe na mchanga kwa siku nyingi mfululizo. BMW R80 G/S ya mwaka 1980 na Yamaha XT600Z Ténéré ya mwaka 1983 ni miongoni mwa zilizoupa mtindo huu sura yake. Safari zenyewe ni za zamani zaidi: Desemba 1934 Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London kwenda Cape Town kwa pikipiki ya Panther ya cc 600, yenye kigari cha pembeni na tela la mizigo nyuma.

Tela kama hilo leo halihitajiki, hasa Afrika Mashariki. Bodaboda zimeeneza mafundi hadi vijijini: karibu kila senta ina mtu wa kuziba pancha, oili ya injini, waya za kuunganisha na, hatua chache mbele, mchomeleaji. Kwa hiyo spea ya kubeba huchaguliwa kwa ugumu wa kuipata njiani kuliko kwa wingi wa kuharibika kwake. Balbu huungua mara nyingi, lakini kwa kawaida hupatikana. Rektifaya ya pikipiki kubwa huungua mara chache, na ikiungua betri haichajiwi tena. Kuisubiri kutoka Nairobi au ng'ambo kunaweza kula wiki.

Tairi ndilo linaloonyesha tofauti hiyo waziwazi. Tyubu za duka la bodaboda ni nyembamba, za tairi la 2.75 au 3.00, ringi ya inchi 17 au 18. Pikipiki kubwa ina tairi la nyuma lenye upana wa sentimita 13 hadi 15, na mbele ringi ya inchi 19 au 21. Mwenye ringi za 21 na 18 anaweza kubeba tyubu moja tu, ile ya 21: ikiingizwa kwa dharura katika tairi la nyuma hujikunja kidogo, lakini humfikisha mjini akienda taratibu. Ya nyuma haifai mbele. Pamoja na tyubu huenda pampu, viraka, gundi na vyuma viwili au vitatu vya kutolea tairi. Kwa matairi yasiyo na tyubu, vijiti vya mpira vya kuzibia kwa nje vinatosha kwa tundu la msumari, ila si kwa ringi iliyopindika.

Cheni nayo haiazimiki. Bodaboda nyingi hutumia cheni namba 428, ambayo pini zake zimeachana milimita 12.7, pikipiki kubwa hutumia 520 au 525, zilizoachana milimita 15.9. Viungio viwili vya akiba hukaa kwenye kiganja, na bila hivyo cheni iliyokatika inamaanisha kubebwa na lori. Waya wa klachi wa akiba una mahali pake pazuri: hulazwa sambamba na ule unaotumika, ncha zake zikiwa zimezibwa kwa utepe vumbi lisiingie, ili siku ukikatika kazi iwe ni kuchomeka ncha mbili tu.

Kuhusu spana, pikipiki za Japani huhitaji zaidi namba 8, 10, 12, 14 na 17. Za Austria na Ujerumani hutumia sana 13, na BMW ina skrubu nyingi zenye tundu la nyota, ambazo fundi wa senta huenda hana bisibisi yake. Zana inayosahaulika zaidi ni spana kubwa ya nati ya ekseli. Njia ya uhakika ya kujipima ni kutoa magurudumu yote mawili nyumbani kwa kutumia zana zile tu zitakazosafiri.

Mzigo huu kwa urahisi hupita kilo 5, na mahali pake ni chini, karibu na injini. Ukiwekwa juu ya keria ya nyuma, kila shimo huugeuza nyundo inayopiga fremu ndogo ya nyuma hadi ipasuke. Wengi hufunga bomba la plastiki la inchi 4, lenye kifuniko cha skrubu, mbele ya injini au upande usio na ekzosi. Spana haziwekwi kamwe mgongoni wala mifukoni mwa jaketi. Mwendeshaji akianguka, huvunja mifupa.

Mtikisiko ni adui wa kimyakimya. Katika njia ya mashariki ya Ziwa Turkana, kutoka Loiyangalani kwenda North Horr na Illeret, spana iliyolala juu ya tyubu mpya huisugua hadi itoboke kabla haijatumika hata mara moja. Tyubu hupakwa poda, hukunjwa na kufungwa kwenye mfuko wake peke yake. Zana nazo huviringishwa kwenye turubai, kila moja katika mfuko wake, chuma kisiguse chuma.

Katika mbio za Dakar, zinazofanyika Saudi Arabia tangu 2020, kuna kundi la waendeshaji wasioruhusiwa kusaidiwa na fundi. Waandaaji humbebea kila mmoja sanduku moja la lita 80 kutoka kambi hadi kambi, na humo ndimo zinamokaa zana na spea zake. Jioni, baada ya mamia ya kilomita jangwani, hulifungua na kuanza kazi mwenyewe.