Wima au mlalo: safari ya mashine za kuchonga chuma

Mwaka 1862, Marekani ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, Joseph Brown wa kampuni ya Brown & Sharpe, mjini Providence, alianza kuuza mashine iliyochonga mifereji ya biti za keekee. Awali mafundi waliichonga kwa tupa, mmoja baada ya mwingine. Mhimili wa mashine hiyo, yaani sehemu inayozungusha kisu, ulikuwa wa mlalo.

Mhimili wa wima ulienea sana karakanani kuanzia mwaka 1938, ilipotoka mashine ya Bridgeport, Connecticut. Fundi aliipenda kwa kuwa aliona vizuri kisu kinapogusa chuma. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya wima iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu badala ya mkono wa fundi. Wazo lilianzia kwa John Parsons wa Michigan, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta.

Hata hivyo, hatua kubwa iliyofuata ilirudi kwenye mlalo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Kearney & Trecker ya Wisconsin ilitoa Milwaukee-Matic, mashine iliyojibadilishia visu yenyewe. Kutoboa, kuchonga na kutia nyuzi za skrubu vikafanyika mahali pamoja bila kuhamisha kazi.

Mlalo una faida mbili. Kwanza, maranda ya chuma huanguka chini yenyewe. Kwenye mashine ya wima, ukichonga shimo la kina, maranda hubaki ndani, kisu huyakata tena, makali huisha na uso wa kazi hukwaruzika. Pili, meza ya mashine ya mlalo huzunguka: ukifunga kazi kwenye nguzo ya pande nne, kisu hufikia kila upande bila fundi kufungua chochote.

Lakini mashine hiyo ni ghali na hudai nafasi kubwa. Ndiyo maana mwaka 1988 Gene Haas wa California alipoleta VF-1, mashine ya wima iliyouzwa chini ya dola 50,000, karakana ndogo nazo zilipata mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo, mwenye kazi chache za kubadilika-badilika, au bamba la kuchongwa upande mmoja, anunue ya wima. Mwenye oda ya maelfu ya vipande vya pande nyingi asiogope bei ya mlalo: saa za kufunga na kufungua kazi atakazookoa ndizo zitakazoilipa.