Rominga katika Ziwa Viktoria

Rominga ni huduma inayomwezesha mwenye laini ya simu kupiga, kupokea, kutuma ujumbe na kutumia intaneti kupitia minara ya kampuni nyingine akiwa nje ya eneo la kampuni yake, kwa kawaida nje ya nchi. Katika Ziwa Viktoria huduma hiyo haiwahusu wasafiri wa ndege peke yao. Wavuvi, madereva wa malori, wafanyabiashara wa dagaa na sangara pamoja na wanafunzi hukutana nayo pia, kwa kuwa ziwa limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na mawimbi ya redio hayasimami mpakani.

Ziwa lina eneo la km² 68,800 hivi. Karibu nusu yake iko Tanzania, sehemu kubwa ya iliyobaki iko Uganda, na Kenya ina takriban asilimia 6. Majini mpaka wa Tanzania na Uganda unafuata latitudo ya 1° kusini, mstari ambao mtu aliye ndani ya mtumbwi hawezi kuuona. Jiji la Mwanza lenyewe liko mbali na mpaka, hivyo anayeanza safari hapo kwa kawaida hukutana na mtandao wa jirani akiwa amefika Sirari au Shirati upande wa Kenya, Mutukula upande wa Uganda, au akiwa ziwani.

Jinsi inavyofanya kazi

Kila laini hubeba namba ya utambulisho inayoanza na tarakimu za nchi yake: 639 ni Kenya, 640 Tanzania na 641 Uganda. Simu hutafuta kwanza mtandao wa nyumbani. Ikiukosa, huomba kuingia katika mtandao mwingine inaousikia. Mtandao huo mwenyeji huiuliza kampuni ya nyumbani kama mteja anatambulika na anaruhusiwa kuhudumiwa. Kama kampuni hizo mbili hazina mkataba, mteja hawezi kupata huduma za kawaida, ingawa simu za dharura za 112 huweza kupita kwenye mnara wowote unaofikika.

Gharama kwa sehemu kubwa hutokana na mikataba na kodi, si umbali. Kampuni mwenyeji huidai kampuni ya nyumbani bei ya jumla, nayo kampuni ya nyumbani humdai mteja pamoja na faida yake. Ndiyo maana mtu aliyevuka hatua chache tu kutoka Sirari hadi Isebania anaweza kulipa zaidi kuliko anayepiga simu kutoka Mwanza hadi Mtwara. Ndiyo maana pia anayepokea simu akiwa ng'ambo mara nyingi hukatwa fedha: mpigaji hulipia hadi nchi ya nyumbani tu, na kipande kinachobaki ni cha mpokeaji.

Data nazo kwa kawaida hurudishwa kwanza nyumbani kabla ya kuingia kwenye intaneti. Mtanzania aliyeko Kampala na laini yake ya Tanzania huonekana na tovuti nyingi kama mtu aliyeko Tanzania, na kurasa zinaweza kufunguka polepole kwa sababu ya mzunguko huo.

Rominga isiyokusudiwa

Juu ya maji hakuna majengo wala milima ya kuzuia mawimbi, kwa hiyo mnara wa ufukweni husikika mbali. Kiwango cha kawaida cha teknolojia ya 2G huishia km 35 kutoka mnarani. Kwa kuwa ziwa lina upana unaofikia km 240, sehemu ya katikati haifikiwi na minara ya namna hiyo, na simu inayotafuta mtandao bila kuupata humaliza betri haraka. Karibu na mpaka tatizo ni la kinyume: mnara wa jirani unaweza kufikika pale ambapo wa nyumbani haufikiki, na simu ikahamia yenyewe.

Vifurushi vya ndani ya nchi kwa kawaida havitumiki katika rominga. Programu zinazojisasisha kimyakimya huanza kula salio la kawaida, na mvuvi hugundua salio limekwisha pale anapotaka kumpigia mwenzake aliye pwani kuhusu injini iliyozimika au upepo uliobadilika. Kinga yake ni rahisi: kuzima rominga ya data katika mipangilio ya simu na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Kuzima rominga ya data peke yake hakuzuii simu za sauti, jambo ambalo watumiaji wengi hulichanganya.

Majaribio ya kuondoa mpaka

Mawasiliano ya nchi hizi tatu yaliwahi kuendeshwa na shirika moja la posta na simu chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Athari yake ilibaki katika namba fupi za kupiga kati ya nchi hizo: 005 kwa Kenya, 006 kwa Uganda na 007 kwa Tanzania, badala ya 254, 256 na 255.

Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim mwaka 1998, ilifuta ada za rominga kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja alipokea simu bila kulipa, alipiga kwa bei ya mwenyeji na aliweza kuongeza salio kwa vocha ya nchi aliyomo. Mpango huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Umoja wa Ulaya ulifuta ada za ziada za rominga kati ya nchi wanachama tarehe 15 Juni 2017, zaidi ya miaka 10 baadaye. Celtel ilikuja kuitwa Zain, na mwaka 2010 ikanunuliwa na Bharti Airtel ya India.

Hatua ya serikali ilikuja mwaka 2014, pale Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanzisha eneo moja la mtandao: kupokea simu kukawa bure na kupiga kukawekewa ukomo wa senti 10 za Marekani kwa dakika. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo, na mpango ulianza na sauti, si data. Kwa wakazi wa ufuko wa kusini hilo lilikuwa pengo kubwa, kwani upande mmoja wa ziwa ulishusha bei na mwingine haukushusha.

Laini mbili

Suluhisho lililozoeleka zaidi ni kubeba simu ya laini mbili: ya nyumbani kwa sauti na ujumbe, ya ugenini kwa data. Laini ya nyumbani haifai kutupwa. Benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na M-Pesa ya Tanzania na ile ya Kenya ni akaunti tofauti hata kama jina ni moja. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Mwanafunzi anayekwenda masomoni kwa miaka kadhaa hupaswa kuitumia mara kwa mara.

Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019: raia hutumia namba ya NIDA, mgeni hutumia pasipoti. Oktoba 2023 TCRA iliwataka pia watumiaji wa VPN kuzisajili, jambo linalowagusa wageni ambao waajiri wao hulazimisha matumizi yake.

Laini mbili hazisaidii katika kila hali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Uganda na maeneo ya ufuko wa ziwa hayana bahari, na sehemu kubwa ya data zao hupitia nyaya za nchi kavu hadi Mombasa au Dar es Salaam.