Kinamasi cha kujengwa na kazi yake ya kunasa metali nzito majini

UCHAFU wa choo ukimwagwa mtoni huoza na hatimaye hutoweka. Risasi haiozi. Ndivyo zilivyo pia kadimiamu, zebaki na metali nyingine nzito zitokazo migodini, viwandani na katika karakana za kuchakata betri kuukuu. Metali hizo hukaa topeni, huingia katika mboga na samaki, kisha mwilini mwa binadamu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, nayo kadimiamu huharibu figo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba risasi isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Njia mojawapo ya kuzipunguza metali hizi ni kinamasi cha kujengwa. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi Käthe Seidel wa Ujerumani alianza kuchunguza jinsi mimea ya majini inavyoweza kusafisha maji machafu. Nchini Kenya, kinamasi cha aina hiyo kilijengwa mwaka 1994 mtaani Lang'ata, Nairobi, kusafisha majitaka ya mkahawa na bwawa la kuogelea.

Kinamasi hiki ni dimbwi lisilo na kina kirefu, lililotandikwa plastiki au udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye ardhini. Ndani hutiwa kokoto, mchanga au mboji, kisha hupandwa matete au mafunjo. Maji huingia upande mmoja, yakapita polepole kwa siku kadhaa na kutokea upande wa pili.

Wengi hudhani kwamba mimea ndiyo inayofyonza metali zote. La hasha. Shina na majani huchukua sehemu ndogo tu; nyingine nyingi hubaki topeni na mizizini. Penye hewa, chuma kilichoyeyuka hugeuka kutu na kutuama, kikinasa aseniki pamoja nacho. Chini, pasipo na oksijeni, bakteria hugeuza salfeti iliyomo majini kuwa salfaidi, nayo hushikana na risasi, zinki, shaba na kadimiamu zikawa chembe zisizoyeyuka. Mabaki ya mimea ndiyo chakula cha bakteria hao.

Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka. Mnamo Januari 1992, maji yenye asidi yalifurika kutoka mgodi wa bati wa Wheal Jane, Cornwall, Uingereza, uliokuwa umefungwa mwaka uliotangulia. Yalibeba chuma, zinki, kadimiamu na aseniki hadi mlango wa mto Fal. Mwaka 1994 kulijengwa mtambo wa majaribio wenye vinamasi vya matete. Majaribio hayo yalifunza mengi, lakini kazi ya kusafisha maji ya mgodi huo ilikabidhiwa kituo kinachotumia chokaa, kilichoanza mwaka 2000. Vinamasi huhitaji ardhi kubwa na muda mrefu, hivyo hufaa zaidi pale maji yanapokuja kwa kiasi kidogo na kwa utaratibu.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba metali iliyonaswa ingali pale pale. Kinamasi kikikauka, hewa hupenya topeni, salfaidi huvunjika na sumu huanza kuyeyuka upya. Mafuriko nayo yaweza kulisomba tope lote hadi mtoni. Kwa sababu hiyo, matete ya humo yasikatwe kuwa lishe ya ng'ombe, wala nduma zisipandwe kandokando yake. Tope likijaa, sharti lizolewe na kutupwa kwa utaratibu wa taka zenye sumu, na gharama hiyo huendelea miaka mingi baada ya mgodi au kiwanda kufungwa.

Kabla ya jembe la kwanza kupigwa, basi, yafaa ijulikane ni nani atakayelizoa tope hilo, na litapelekwa wapi.