Pothosi
Pothosi (*Epipremnum aureum*) ni mmea unaokwea wa familia ya Araceae, asili yake kisiwa cha Mo'orea, Polynesia ya Kifaransa. Majani yake ya kijani yana mabaka ya manjano au meupe yenye upungufu wa klorofili. Ndiyo maana mmea ukifichwa kwenye kona ya giza, majani mapya hutoka ya kijani tupu na urembo hupotea. Uwekwe karibu na dirisha, jua kali lisiupige. Pothosi nyingi za ndani hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi: chomeka kidole kwenye udongo, na ukikuta unyevu, usimwagilie, mizizi itaoza. Ukipewa nguzo ya kukwea, majani hupanuka. Kipande cha shina chenye kifundo huota mizizi ndani ya glasi ya maji. Majani yana fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha vikali mdomoni, hivyo watoto na paka wasiyafikie.