Ubao, Meza na Baraza

Mfasiri akutanapo na neno "board" la Kiingereza hana budi aulize kwanza limeandikwa zama gani. Waingereza wa kale waliliita kwa jina hilo ubao, na ngao, na meza ya kulia, na ubavu wa chombo cha baharini.

Meza ndiyo iliyozaa zaidi. Chakula kilipewa jina la kile kinapoandaliwa, na ndiyo maana skuli ya bweni huitwa kwa ubao huo. Waliokaa kuizunguka wakishauriana nao wakaitwa meza: mwaka 1696 Mfalme William wa Tatu aliunda bodi ya biashara na makoloni. Sisi jina la washauri tulilitwaa barazani, penye kikalio cha mawe mbele ya nyumba. Meza yenyewe, kwa jina, tuliipata kwa Wareno. Hata hivyo bodi zimetufikia, na hazina dalili ya kuondoka.

Kabati nalo ni mtoto wa "cupboard", ambayo katika karne ya 14 ilikuwa meza ya kupangia vikombe, wazi, pasi na milango.

Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aeleza kwa nini mtu mkweli husemwa yu juu ya ubao: ni msemo wa wacheza karata, ambao mikono yao ikishuka chini ya meza huwa wanabadili karata.

Lakini linalonikesha ni shairi la George Herbert, "The Collar", lililochapwa 1633, mwaka aliofariki. Mtumishi aliyechoka anaanza kwa kuupiga ubao huo kwa hasira. Ni meza ya chakula. Ila Waingereza wa zama hizo waliita pia ubao wa Mungu ile meza ya ushirika mtakatifu, na Herbert alikuwa kasisi. Nikiandika "madhabahu", nimeifichua mapema siri aliyoihifadhi hadi mstari wa mwisho, Bwana anapoita na mtumishi akaitika. Nikiandika "ubao", msomaji wetu atakwenda chuoni kwa mwalimu, au kwa mpiga bao la ramli. "Meza" yanipa ghadhabu ya mtu nyumbani kwake, wala hainionyeshi anamgomea nani. Hata hivyo nimeandika "meza". Divai na nafaka zimo katika mistari ifuatayo, nazo zitamwambia msomaji ni meza ya nani.